Joto Linalotoka Sakafuni: Funzo kwa Mafundi Wetu Kutoka kwa Nyumba za Sola za Wanafunzi

Hii ni hotuba iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wanagenzi wa uashi, mabomba na umeme kabla ya msimu wa baridi. Imechapishwa hapa kwa manufaa ya wasomaji wetu.



Nashukuru kwa kualikwa. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuandika na kusambaza taarifa za kaunti. Kila mwaka mwezi wa Juni unapokaribia, taarifa mojawapo inayotoka mezani petu ni ile inayowaonya wananchi wasilale na jiko la makaa ndani ya nyumba. Sababu mnaijua. Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Makaa mekundu yasiyotoa moshi wowote huitoa pia. Aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Karibu kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliokutwa wamefariki, mlango umefungwa na jiko liko kando ya kitanda.

Onyo hilo ni la lazima na tutaendelea kulitoa. Hata hivyo, mama mwenye mtoto mchanga katika nyumba ya mabati saa nane usiku anahitaji joto, na onyo letu halimletei joto. Nimekuja kwenu kwa sababu nyinyi ndio mtakaojenga nyumba za watu hawa. Nataka tuzungumze juu ya njia moja ya kupasha nyumba joto bila moto chumbani, na wanafunzi kama nyinyi walioijaribu.

WANAFUNZI WALIOJENGA NYUMBA ZA JUA

Mwaka wa 2002, Wizara ya Nishati ya Marekani ilianzisha mashindano yanayoitwa Solar Decathlon. Timu 14 za vyuo vikuu zilijenga nyumba ndogo zinazotumia nguvu za jua pekee, zikazisimamisha katika uwanja wa National Mall mjini Washington. Chuo Kikuu cha Colorado kilishinda mwaka huo, kikashinda tena mwaka wa 2005. Mwaka wa 2007 na 2009 ushindi ulikwenda kwa wanafunzi wa Darmstadt, Ujerumani. Mashindano hayo yalienea hadi Madrid mwaka wa 2010, na mwaka wa 2019 yakafika barani Afrika, katika mji wa Benguerir nchini Morocco.

Timu zilishindana katika mambo kumi, yakiwemo usanifu, uhandisi na umeme. Jambo mojawapo lilikuwa starehe ya anayeishi ndani. Vipimajoto viliwekwa nyumbani, na timu ilipata alama ikiwa joto lilibaki takriban kati ya nyuzi 22 na 24 za Selsiasi. Nyumba ya kupendeza yenye chumba baridi ilipoteza alama.

Timu kadhaa zilichagua kupasha nyumba joto kupitia sakafu. Hapo zilikutana na tatizo. Nyumba hizo zilijengwa chuoni, zikafunguliwa vipandevipande, zikasafirishwa kwa malori, kisha zikaunganishwa upya uwanjani kwa siku chache. Sakafu ya zege haisafirishiki kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, suluhisho lililowafaa wengi lilikuwa sakafu kavu: mbao zilizochongwa mifereji, bati jembamba la alumini juu yake la kusambaza joto, na bomba la plastiki lililolazwa ndani ya mifereji hiyo. Sakafu ya aina hiyo ni nyepesi na hupata joto haraka. Sakafu ya zege huchukua saa kadhaa kupata joto, lakini hulihifadhi kwa muda mrefu baada ya jua kutua. Sisi hatusafirishi nyumba. Mafundi wetu wamezoea zege, na zege inatufaa.

SAKAFU INAVYOPASHA NYUMBA JOTO

Wazo lenyewe ni la kale. Wakorea wamepasha sakafu zao joto kwa karne nyingi kwa kupitisha moshi wa jikoni chini ya mawe, na Warumi walifanya hivyo katika nyumba zao za kuogea. Siku hizi maji ya moto ndiyo yanayopita chini badala ya moshi.

Jiko hupasha hewa, na hewa ya moto hupanda moja kwa moja hadi chini ya mabati huku miguu ikibaki baridi. Sakafu yenye joto huanzia miguuni, na eneo lake ni kubwa. Kwa hiyo haihitaji kuwa ya moto sana. Sakafu ya nyuzi 25 katika chumba cha nyuzi 20 hutoa takriban wati 50 kwa kila mita mraba. Chumba cha mita mraba 20 hupata kama kilowati 1. Kwa kawaida sakafu ya sebule haipitishwi nyuzi 29, maana zaidi ya hapo miguu huanza kuchoka.

Hii ndiyo sababu sakafu na jua vinaelewana. Maji yanayohitajika yana joto la nyuzi 30 hadi 45 tu, na kikusanya joto cha juani, kile tunachokiona juu ya paa za hoteli na shule za bweni, hufikia kiwango hicho bila taabu.

Kupitisha maji ya moto kwenye mabomba ili kupasha mahali joto si kitu kigeni Kenya. Shamba la maua la Oserian kando ya Ziwa Naivasha limepasha vitalu vyake kwa jotoardhi. Huko Menengai, shirika la GDC limeonyesha jinsi jotoardhi linavyoweza kupasha kitalu cha mimea, bwawa la samaki na mtambo wa maziwa. Tofauti ni kwamba sisi tunazungumzia jua na chumba cha kulala.

KAZI INAYOFUNIKWA

Sasa nawaomba wanagenzi wasikilize kwa makini. Karibu kila kitu muhimu katika sakafu hii hufunikwa na zege na hakionekani tena. Rangi ikiharibika, utapaka nyingine. Bomba likivuja chini ya zege, utavunja sakafu ya mteja.

Hatua ya kwanza ni kuzuia joto lisitoroke. Msingi wetu wa kawaida ni mawe, maramu, karatasi ya nailoni, waya wa BRC na zege. Ukilaza bomba la maji ya moto hapo bila kitu kingine, utapasha udongo. Chini ya zege lazima pawe na tabaka la kuzuia joto, kama vile mbao za povu gumu la polistirini, na ukanda wake uzunguke kingo zote za chumba panapokutana na ukuta. Juu nako kuna kazi: nyumba ya mabati isiyo na dari hupoteza joto kupitia paa usiku kucha. Mteja ambaye bado hana dari umshauri aanze na dari. Huenda hilo pekee likambadilishia usiku wake, na gharama yake ni ndogo kuliko ya mabomba.

Hatua ya pili ni kulaza bomba. Hutumika bomba la plastiki la aina ya PEX, la nusu inchi, lenye tabaka linalozuia oksijeni isipenye na kutia kutu vyuma vya mfumo. Likilazwa kwa nafasi ya sentimita 20, kila mita mraba huhitaji mita 5. Chumba chetu cha mita mraba 20 kitahitaji mita 100. Usilaze mita zote 100 kwa mkondo mmoja, kwa sababu maji yatafika mwisho yamepoa na pampu itahangaika. Mzunguko mmoja usizidi mita 90 hivi. Gawa chumba mizunguko miwili ya mita 50, na yote ikutane kwenye kigawanyo kimoja ukutani, mahali fundi anapoweza kufikia. Bomba hufungwa kwenye BRC, na chini ya zege pasiwe na kiungo chochote.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na fundi mwenye haraka. Kabla ya zege kumwagwa, mabomba yajazwe maji au hewa hadi presha ya baa 4 hadi 6, geji ifungwe, kisha isubiriwe hadi kesho yake. Sindano ya geji ikishuka, tafuta panapovuja. Isiposhuka, mwaga zege huku presha ikiwa bado imo, ili koleo au toroli ikitoboa bomba ujue papo hapo zege ikiwa mbichi. Piga picha za mabomba yalivyolala na umpe mwenye nyumba. Siku atakapotaka kutoboa sakafu, picha hiyo itamwokoa.

Hatua ya nne ni ya mafundi wa mabomba na umeme kwa pamoja. Maji kutoka juu ya paa yanaweza kuzidi nyuzi 80. Yakiingia sakafuni hivyo, zege hupasuka na mtoto huungua. Kwa hiyo huwekwa valvu ya kuchanganya maji ya moto na yanayorudi yakiwa yamepoa, pampu ndogo, tangi la kupokea maji yanapopanuka, na kidhibiti joto kinachozima pampu chumba kikitosha. Katika nyanda za juu jalidi huanguka alfajiri, kwa hiyo mabomba ya juu ya paa yakingwe, au yatumie maji yenye dawa ya kuzuia kuganda.

Mwishowe, mwambie mteja aweke taili au aache saruji laini. Zulia zito juu ya sakafu hii ni kama kumvika koti mtu anayetaka kukupa joto la mwili wake.

JUA LETU LA JULAI

Tupige hesabu. Siku ya jua zuri, mita mraba moja ya paa hupokea kama kilowati-saa 5. Kikusanya joto cha mita mraba 2 kikinasa nusu yake, utapata kilowati-saa 5. Hizo zinatosha kukipa chumba chetu kilowati 1 kwa saa 5, kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Kuzihifadhi kunahitaji tangi la zaidi ya lita 200, likipoa kwa nyuzi 20.

Hesabu hiyo ni ya siku ya jua. Msimu wetu wa baridi ni msimu wa mawingu, na siku ya mawingu mazito huenda usipate hata nusu yake. Wanafunzi wa Solar Decathlon walikumbana na jambo hilo hilo. Mwaka wa 2009 mashindano yalifanyika Oktoba, na zilikuwapo siku za mawingu na mvua. Timu ya Darmstadt ilikuwa imefunika paa na kuta pia kwa paneli za sola ili inase mwanga hafifu, na nyumba yao ilikuwa imezibwa vizuri isipoteze joto. Atakayemwambia mwananchi kwamba sola peke yake itampasha joto kila usiku wa Julai anamdanganya. Nyumba iliyozibwa vizuri huhitaji joto kidogo, na kidogo hicho ndicho jua la mawingu linaweza kusaidia kukipata.

TUANZIE WAPI

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na huduma za afya. Mkiangalia vizuri, hizo ni sehemu ambamo watoto hukaa sakafuni, vijana hujifunza kujenga, na akina mama hujifungua. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kujifungulia kiwe na joto la nyuzi 25 hadi 28, kwa sababu mtoto mchanga aliyelowa hupoa upesi sana. Katika nyanda za juu kiwango hicho hakipatikani chenyewe.

Sijaja na ahadi ya bajeti, na si kazi yangu kuitoa. Ombi langu kwa walimu na wanagenzi ni dogo. Jengeni sakafu moja ya majaribio ya mita mraba 4 katika karakana yenu. Waashi waweke msingi na tabaka la kuzuia joto, mafundi wa mabomba walaze bomba na kupima presha, mafundi wa umeme wafunge pampu na kidhibiti. Pimeni joto la sakafu na la chumba asubuhi na jioni, kuanzia Juni hadi Agosti, siku za jua na za mawingu, na mwandike kila kitu daftarini pamoja na gharama. Kaunti ikija kuulizwa kama jambo hili linafaa kwa chekechea au kituo cha afya, jibu litatoka kwenye daftari lenu. Mkinikabidhi matokeo, mazuri au mabaya, nitayaandika katika jarida hili.

Kwa sasa, baridi haisubiri majaribio. Tafadhali mkifika nyumbani waambieni jamaa na majirani: jiko la makaa lizimwe na litolewe nje kabla ya kulala, na dirisha lisizibwe kabisa. Anayehisi kichwa kuuma au kizunguzungu karibu na jiko atoke nje mara moja na apelekwe kituo cha afya.

Sasa nitapokea maswali, na ya ufundi nitawaachia walimu wenu.