Kobalti ya Kasese na Nyonga Zilizoitwa Zirudi



Katika bonde la Nyamwamba, hapa kwetu Kasese, habari ya sharika moja kuondoka na nyingine kushika mahali pake si ngeni, kwani shaba ya Kilembe, ambayo kwa ajili yake reli ilifikishwa Kasese mwaka 1956 ili ipelekwe Jinja kuyeyushwa, ilichimbwa na Wakanada wa Falconbridge, kisha ikawa mikononi mwa serikali, hata uchimbaji ukasita mwanzoni mwa miaka ya 1980. Palibaki Kasese rundo la piraiti yenye kobalti, takriban tani milioni moja, ambalo mvua zililiosha miaka mingi, zikachukua tindikali yake mpaka ndani ya Mbuga ya Queen Elizabeth, ambako ardhi iliungua isiote hata nyasi. Na mwaka 1999 tu ndipo Kasese Cobalt Company ilipoanza kulitoa kobalti rundo hilo, kwa msaada wa bakteria walao piraiti.

Sasa, kobalti hiyo (sisemi ile ya Kasese, bali madini ya namna yake) ikichanganywa na kromiamu hutoa chuma kigumu kisichoshika kutu, na kwa sifa hiyo matabibu wa mifupa wameitumia tangu zamani. Miongoni mwa watengenezaji wa viungo bandia ni DePuy, iliyoasisiwa mwaka 1895 katika mji wa Warsaw, jimbo la Indiana, nayo ikanunuliwa na Johnson & Johnson mwaka 1998 kwa dola bilioni 3.5. Miaka mitano baada ya ununuzi huo ilitoka nyonga bandia iitwayo ASR, ambayo kichwa cha mfupa na kikombe chake vyote viwili vilikuwa vya chuma hicho, vikisuguana kila mwenye nayo apigapo hatua, vikimwaga vumbi lililodhuru nyama na kuipandisha kobalti katika damu.

Taksiri hiyo haikudhihirika kwa hisani ya aliyeuza. Ilidhihirika kwa daftari: Australia, ambako kila nyonga iwekwayo huandikwa, ilianza kuona tangu mwaka 2007 kwamba ASR zinatolewa upya kupita kiasi, na ilhali kule ziliondolewa sokoni mwishoni mwa 2009, duniani kote hazikuitwa zirudi ila Agosti 2010, zikiwa zimekwisha kuwekwa zipatazo 93,000. Hesabu za Uingereza zilionyesha kwamba kwa kila wagonjwa mia, 12 au 13 walihitaji kupasuliwa tena katika miaka mitano. Dawa mbovu huondolewa rafuni. Nyonga mbovu haiondoki ila kwa kisu, juu ya mwili uliokwisha kuteseka mara moja. Mwaka 2013 DePuy ilikubali kulipa takriban dola bilioni 2.5 kwa Wamarekani wapatao 8,000.

Basi, mwenzetu yeyote aliyewekewa chuma mwilini, hapa au ng'ambo, na amwombe tabibu wake amwandikie jina la kifaa, mtengenezaji wake na namba ya toleo, na karatasi hiyo aiweke pamoja na hati za shamba lake.