MWENZIO AKINYOLEWA, ZAKO TIA MAJI



Wewe unayengoja abiria Darajani, simu mkononi, mafuta ya mkopo, maneno haya ni yako.

Tizama yaliyowafika wenzetu wa Bara. Mwaka 2022 LATRA iliziamuru kampuni za kuita gari kwa simu zisimkate dereva zaidi ya asilimia 15. Madereva wakashangilia. Uber ikasimamisha huduma. Baadaye Serikali ikalegeza kamba hadi asilimia 25, na mwaka 2023 Uber ikarudi. Hesabu mwenyewe: katika nauli ya shilingi 10,000, dereva aliyeahidiwa 8,500 akabaki na 7,500. Humo atoe mafuta, matengenezo na hesabu ya tajiri.

LATRA haina amri Unguja. Usafiri wa barabarani si jambo la Muungano. Kanuni zetu hutungwa hapa hapa. Lakini kodi ya mapato ni ya Muungano. Basi mfuko wako una mikono miwili: TRA na ZRA.

Hatukatai kodi. Barabara hazijengwi kwa dua. Tunachodai ni hiki: kodi ihesabiwe kampuni ikishachukua chake na mafuta yakishatolewa, kiwango cha makato kiandikwe ndani ya sheria, na dereva awepo kanuni zinapotungwa.

Undeni umoja wenu leo. Mfuateni mwakilishi wa jimbo lenu, mumuulize yuko upande gani. Akikujibuni kwa tabasamu, kumbukeni siku ya kura.

Msingoje wembe ufike kichwani.