Kiti Kisichogusa Sakafu

Mkuu wa Chuo, wazazi wetu mliotoka Chwele, Kimilili, Webuye na hata Kitale, nanyi wahitimu!

Nimeombwa nizungumzie kazi iliyonizeesha jeshini, ufundi wa magari ya deraya. Nyumba nyingi za Bungoma zina mtoto aliyevaa sare. Tangu majeshi yetu yaingie Somalia Oktoba 2011, na tangu operesheni ya kiusalama ya Linda Boni ianze Septemba 2015, kinachowavizia watoto hao ni kilipuzi kilichofukiwa barabarani, Lamu, Garissa na Mandera.

Wazazi huniuliza: kwani chuma kinene hakitoshi? Hakitoshi. Bomu likilipukia chini ya gari lenye tumbo bapa, nguvu nyingi huishia kwenye tumbo hilo. Afrika Kusini ilipounda Casspir mwishoni mwa miaka ya 1970, mafundi walilipa gari tumbo la umbo la V na kuliinua juu ya ardhi. Mnajua mvua ya mawe inavyoteleza kwenye paa la mabati. Lipindueni paa hilo, mvua nayo itokee ardhini: mlipuko hugawanyika, ukaenda pembeni. Wamarekani waliyaelewa haya vitani Iraki, wakaagiza magari ya namna hiyo kwa maelfu kuanzia 2007. Kenya nayo iliagiza magari 118 aina ya Hızır kutoka Uturuki, na mimi nilifurahi sana.

Lakini tumbo likistahimili, sakafu bado huruka. Nilimpokea kijana mmoja wa kwetu aliyeshushwa garini bila mchubuko, vifundo vyote viwili vya miguu vimevunjika. Alikuwa ameikanyaga sakafu, basi. Ndiyo sababu kiti hutundikwa ukutani au darini, miguu ikapewa pa kukaa mbali na sakafu, na mkanda ukafungwa safari nzima. Jeki isiyofungwa nayo hugeuka kombora humo ndani.

Sasa nawageukia ninyi wa kuchomelea. Katika karakana moja nilikuta kiti kilichong'oka boliti za ukutani, na fundi, kijana mwenye bidii, amekichomelea sakafuni. "Mzee, hiki hakitikisiki tena," akaniambia. Weldi yake ilikuwa safi, haina tundu hata moja. Nilimshika bega, nikamweleza kwamba kutikisika ndiko kunakomwokoa askari, kisha tukachukua msumeno tukakikata pamoja. Alilia. Tangu siku hiyo alikuwa akinijia na swali kabla ya kuwasha mashine: hiki kiliwekwa hivi kwa nini?

Nimekuja na kiti kimoja, kimetundikwa kwenye fremu pale chini ya mwembe. Mkishapokea vyeti, njooni mkikalie, mwinue miguu, mfunge mkanda, mtazame kila boliti. Mkuu wa Chuo, niitie mhitimu wa kwanza.