Bamvua na Daftari la Mahudhurio

Leo tuna jambo moja tu: watoto wetu walio sekondari.

Zamani shule hizo zilikuwa chache na mbali. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ndio uliosambaza shule za kata. Halafu, tangu Januari 2016, ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne imefutwa katika shule za Serikali. Sare, madaftari na chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa bado ni juu ya mzazi, na hilo si dogo kwa mtu anayetegemea nyavu. Lakini majina ya watoto yameandikwa.

Sasa tuulizane. Jina liko shuleni; je, mtoto mwenyewe yuko?

Sisi watu wa pwani tunaijua bamvua. Huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji yakitoka sana, mwamba unaonekana na pweza wanapatikana. Mama anamwambia binti, "Leo twende wote, kesho utasoma." Tena usiku wa giza dagaa hufuata taa. Kijana anakesha chomboni, asubuhi analala juu ya dawati.

Haya, tufanye hesabu. Mtoto akikosa siku 3 kila bamvua, kwa mwezi ni siku 6. Mwezi una siku 20 hivi za masomo. Basi katika kila siku 10, siku 3 zimekwenda na maji. Pweza atarudi bamvua ijayo. Somo lililopita harudii mtu kulifundisha.

Kidato cha kwanza ndicho kizito zaidi. Shule ya msingi ya Serikali mtoto alisoma kwa Kiswahili. Sekondari anakuta Jiografia na Fizikia kwa Kiingereza. Akikosa wiki za mwanzo, anakaa darasani kama mgeni, anaona haya kuuliza. Baadaye anasema hapendi shule, nasi tunamwita mvivu. Matokeo ya kidato cha nne yakija na daraja la nne au sifuri, tunamlaumu mwalimu. Walimu wa hesabu na sayansi ni wachache, hilo ni kweli, tuendelee kuwadai. Ila mwalimu hawezi kufundisha dawati tupu.

Na binti aliyeacha shule kwa sababu ya mimba asifichwe ndani. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu arudi kusoma.

Ndugu zetu, ninyi sasa mnajua kusoma. Nendeni shuleni, mwombeni mwalimu wa darasa awaonyeshe daftari la mahudhurio. Tafuta jina la mwanao, fuata mstari wake kwa kidole, hesabu siku alizokosa. Kisha linganisha na siku za bamvua. Mkiwa wengi, ombeni kikao na mkuu wa shule. Bamvua ikiangukia Jumamosi, mtoto aende mwambani, hatukatai. Nyumba inahitaji kula. Ikiangukia Jumanne, aende shule.

Wiki ijayo tutachora daftari hilo ubaoni, tujizoeze kusoma alama zake. Njooni na kalamu.