Zamu ya Usiku: Wasiwasi na Kukosa Usingizi kwa Wahudumu wa Afya Wakati wa Mlipuko
Mada ya semina kwa wauguzi wa Nyamitaba, Masisi

Mbele ya wauguzi, wasiwasi hauhitaji maelezo marefu: moyo kwenda mbio, mawazo kuzunguka palepale, kuamka saa nane za usiku na kungoja jogoo. Kukosa usingizi nako kunajulikana. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kwa siku. Inatosha.

Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ilimalizika 25 Juni 2020. Waliougua ni 3,470, waliofariki 2,287. Kati ya wagonjwa, 171 walikuwa wahudumu wa afya. Agosti 2019 Ebola ilifika hadi Pinga, Walikale. Kabla haijaisha, Machi 2020, Korona ikaingia Kinshasa.

Muuguzi aliogopa virusi, na aliogopa watu pia. Tarehe 19 Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Siku chache baadaye wahudumu wa mji huo waliandamana kudai ulinzi. Aliye zamu peke yake, mlango ukigongwa usiku, hajui kama ni mama mwenye uchungu au ni wenye bunduki. Na lazima afungue.

Hata hivyo, mada hii inaomba radhi kwa kukawia kwenye jambo dogo: ratiba ya zamu. Katika vituo vingi vya vijijini anayepima wagonjwa mchana ndiye anayezalisha usiku, na asubuhi foleni inamkuta macho mekundu. Mipango ya dharura huhesabu glavu na klorini hadi ndoo ya mwisho. Usingizi hauna mstari wake.

Kuvua mavazi ya kinga ndiyo saa ya hatari: kila vazi kwa zamu yake, mikono ikisafishwa kila hatua. Tafiti zimeonyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Hakuna msimamizi anayemruhusu mlevi avue mavazi hayo. Mwenye usingizi huruhusiwa kila asubuhi.

Mwandishi wa mada amelisema hili katika vikao visivyo na idadi. Jibu ni lilelile: fedha hazipo. Ni kweli fedha ni chache, na hapa halaumiwi yeyote. Lakini ratiba ni karatasi na kalamu.

Inapendekezwa, basi, aliyekesha asipangiwe kazi asubuhi yake. Inapendekezwa kila kituo kiwe na mtu wa akiba, hata akikopwa kituo jirani. Asiyelala wiki nzima aweze kumwambia muuguzi mkuu bila kuhesabiwa mvivu, na asiachwe ajitibu kwa vidonge vya usingizi vya dukani. Kahawa ikome alasiri, kwa kuwa nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi. Posho ilipwe kwa wakati, maana deni nalo hukesha na mtu. Mlango wa usiku uwe na mlinzi anayefahamika kijijini. Na, kwa kurudia, aliyekesha asipangiwe kazi asubuhi yake.

Nakala ya ratiba ya mfano, ukurasa mmoja, imeambatishwa. Safu ya nne, yenye neno "kulala", ijazwe kwa jina la mtu.