Malaria kwa Lugha ya Mashine: Namna ya Kuuandika Mchakato wa Kisayansi



Vitabu vya biolojia vya sekondari vina mchoro wa duara ambao wengi wetu tuliukariri: mbu jike wa Anopheles anauma, sporozoiti zinakwenda kwenye ini, zinazaliana humo na kutoka zikiwa merozoiti, merozoiti zinavamia seli nyekundu za damu, baadhi zinageuka gametositi, mbu mwingine anazifyonza. Aliyeukariri alifaulu mtihani. Ukiuingiza mchoro huohuo kwenye kompyuta, haujibu swali hata moja, kwa sababu mishale yake ni bubu. Mmoja una maana ya "kisha", mwingine "hugeuka kuwa", mwingine "huingia ndani ya". Sisi tunajijazia bila hata kujua. Mashine haijazi.

Ontolojia inaulazimisha mshale useme. Ni maelezo rasmi ya aina za vitu vilivyomo katika uwanja fulani na mahusiano yake, yakiandikwa kwa mantiki ambayo programu inaweza kuifuata mpaka kwenye hitimisho. Wanabiolojia hawakuifikia kwa kupenda falsafa. Mwaka 1998 watunzaji wa hifadhidata za jeni za inzi wa matunda, hamira na panya walichoshwa na kazi ileile ya jeni kuitwa majina tofauti kila mahali, wakaanzisha Gene Ontology. Matawi yake ni matatu: kazi za molekuli, sehemu za seli, na michakato ya kibiolojia.

Tawi la michakato ndilo lenye kusumbua. Mbu yupo mzima katika kila sekunde ya uhai wake. Kuuma kwake kunatukia kipande kwa kipande. Ontolojia ya msingi iitwayo BFO, iliyofanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2021, inaanzia kwenye mgawanyo huo: kuna vinavyodumu na kuna vinavyotukia. Sporozoiti inashiriki katika uvamizi wa ini, lakini si sehemu ya uvamizi huo. Wanaodhani huu ni ubishi wa barazani wajaribu kuuacha, nao watapata hifadhidata inayodai kwamba ini linachukua takriban siku sita.

Wakati nao una mahusiano yake. Mwanasayansi wa kompyuta James Allen aliyaorodhesha 13 mwaka 1983: kutangulia, kukutana, kuingiliana na mengineyo. Je, awamu ya ini hutangulia awamu ya damu? Kwa kimelea Plasmodium falciparum mtu anaweza kukubali haraka. Kwa Plasmodium vivax hapana, maana hipnozoiti zake hulala ndani ya ini kwa wiki au miezi huku ndugu zake wameshafika kwenye damu. Ukiandika "hutangulia" umeandika uongo, na mashine itautumia uongo huo kwa uaminifu kamili.

Lakini kosa ninalolikuta zaidi ni la mwelekeo. Kila kiini cha seli ni sehemu ya seli. Haifuati kwamba kila seli ina kiini, na seli nyekundu ya damu ya binadamu iliyokomaa haina. Vivyo hivyo, kila uvamizi wa ini unaofanywa na vimelea hivi ni sehemu ya maambukizi ya malaria. Tukiigeuza sentensi, tukasema kila maambukizi ya malaria yana uvamizi wa ini, tumekwama kwa mgonjwa wa kwanza aliyeambukizwa kwa kuongezewa damu. Damu ile ilimletea vimelea vya hatua ya damu, na merozoiti hazirudi kwenye ini.

Hapo hitimisho linamhusu mgonjwa mwenyewe. Primakwini hutolewa kwa mgonjwa wa vivax ili kuua hipnozoiti. Hipnozoiti hutokana na sporozoiti tu, na sporozoiti huletwa na mbu. Aliyepata vivax kwa damu ya kuongezewa hana cha kuuliwa ndani ya ini, na dawa hiyo inaweza kumvunjia seli nyekundu ikiwa ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Sentensi tatu nne zilizoandikwa sawasawa zinaifikisha programu kwenye ushauri huo bila mtu yeyote kuuandika kama kanuni.

Au haziifikishi. Lugha ya OWL, tunayoitumia kuandikia ontolojia nyingi, haichukulii ukimya kuwa ni kukanusha. Fomu ikionyesha kwamba mgonjwa aliongezewa damu, na nafasi ya kuumwa na mbu ikaachwa wazi, programu haitasema kwamba hakuumwa. Itabidi mtu aandike kwamba njia pekee ya maambukizi haya ilikuwa damu. Wanafunzi wangu huliona hili kuwa udhaifu, nao huomba njia ya mkato ya kufunga pengo. Mimi siwapi. Mgonjwa anayeishi kwenye eneo lenye vivax, aliyeongezewa damu mwezi uliopita, huenda aliumwa na mbu pia usiku wowote wa mwezi huo. Programu ikijibu "haijulikani", imejibu sawa, na anayepaswa kuulizwa baada ya hapo ni mgonjwa.