Mafuta ya Futari Husafiri Vipi Mwilini?



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, hebu tutazame sahani ya futari. Bhajia, sambusa, viazi karai. Umeshakula, umeshiba. Je, mafuta yale yanakwenda wapi?

Tazama mchuzi: mafuta huelea juu, hayachanganyiki na maji. Na damu yetu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mafuta hayawezi kusafiri peke yake, kama vile ndizi za Nyamira haziji zenyewe hapa Kisii katika soko la Daraja Mbili. Lazima zipakiwe.

Nyongo huyagawa mafuta kuwa matone madogo, na vimeng'enya kutoka kongosho huyasaga. Kisha seli za utumbo mwembamba huyafunga katika vifurushi vyenye protini kwa nje, viitwavyo kailomikroni. Vifurushi hivi ni vikubwa mno kupenya vishipa vya damu vya utumbo. Hupita mishipa ya limfu, hupanda kifuani na kuingia kwenye damu karibu na bega la kushoto. Sukari ya tende huyeyuka kwenye damu na kufika kwenye ini moja kwa moja. Ndiyo maana tende hukupa nguvu upesi, lakini mafuta ya sambusa bado yamo njiani hata baada ya tarawehe.

Mchana safari hugeuka. Ghala la mafuta mwilini hufunguliwa, na protini iitwayo albumini huyabeba hadi kwenye misuli na ini. Saumu hupunguza ghala. Lakini tukirudisha kila magharibi zaidi ya kilichotoka, mwezi utaisha na uzito umepanda!

Ini nalo lina vifurushi vyake. LDL hupeleka kolesteroli mwilini. Ikizidi, hujipenyeza katika kuta za mishipa na kuiziba, hata moyo ukaumia. HDL huirudisha kwenye ini. Mafuta ya kuganda huongeza LDL. Avokado zetu za hapa hazina kolesteroli hata kidogo.

Basi wewe unayesoma, fungua kwa tende na maji, na sambusa ziwe mbili, si sita. Na babu mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari asiache dawa kimya kimya ili afunge. Mpeleke kwa daktari kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.